Kompyuta Hulipa Kama Televisheni

Mimi ni mtu mgumu wa kushauriwa, na nalisema mapema ili asije mtu akanihurumia kabla hajasikia habari yenyewe. Naitwa Akeyo. Kwetu ni Ugenya, Kenya, lakini huu ni mwaka wa kumi na moja nafanya kazi ya stoo katika kiwanda kimoja cha mabati hapa Jinja. Naandika kwenye kompyuta kinachoingia na kinachotoka. Mashine ya mtu ikigoma ofisini huitwa mimi kwanza, halafu ndiyo aitwe fundi, kwa sababu fundi mwenyewe, Hiren, alinifundisha nusu ya kazi yake na nusu iliyobaki nikajifundisha.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana, Praful, mwenye kiwanda, alituita tukasimama karibu na mizani. Alisema analeta mfumo mpya, seva mbili za kubeba kazi yote, na kwamba mali itakuwa inajiandikisha yenyewe ikipita getini. Hakusema, "Akeyo, kazi yako imekwisha." Angesema ya nini? Kisha akaongeza kwamba Hiren anaondoka mwisho wa Machi kwenda kufungua duka lake Kampala, na nafasi yake atapewa mtu wa humu humu ndani akiwa na cheti cha kusimamia seva. Asipopatikana wa ndani, ataletwa wa nje. Akanitazama mimi.

Basi nikaelewa. Ama nipande, ama nitoke. Nina miaka arobaini na mitatu. Nirudi kwetu mikono mitupu nikakae kwa kaka yangu, mke wake awe ananihesabia vijiko vya sukari? Niliogopa, na sioni aibu kusema.

Mtihani wa cheti hicho si wa kalamu. Unakalishwa mbele ya mashine saa nne. Ndani ya kompyuta moja ya chuma unatakiwa uunde nyingine tano au sita zisizoshikika, mashine pepe, kila moja ijione ni kompyuta kamili. Uziunganishe, uziharibu, uzifufue, na mwisho uhamishe moja kutoka seva hii mpaka ile bila kuizima. Hayo hayaingii kichwani kwa kusoma. Ni kama kusonga ugali, mkono ndio hujifunza. Na laptop yangu ilikuwa na memori kidogo hivi kwamba mashine pepe moja tu iliifanya ikwame.

Nikamwendea Hiren. Kijana mpole yule, hana makuu, huniita dada. Akachukua karatasi iliyoharibika akaniandikia nyuma yake.

"Dada Akeyo, tafuta kompyuta ndogo ya ofisini iliyotumika," aliniambia. "Hesabu kwanza unataka kuwasha mashine pepe ngapi kwa pamoja. Hapo utajua memori. Jaza giga thelathini na mbili. Halafu diski iwe SSD, usichukue ile ya kuzunguka. Kori nne zinatosha. Lakini usinunue seva kubwa."

"Kwa nini? Si mtihani ni wa seva?"

"Kelele, joto, na umeme. Uliza wati kabla hujauliza bei."

Sasa sikieni ujinga. Nilichosikia mimi ni Mhindi mwenye seva mbili mpya akimwambia Mjaluo wa stoo atosheke na kadogo. Hiren hajawahi kunikosea hata siku moja, na bado ndicho nilichosikia. Nilikunja ile karatasi nikaitia kwenye mkoba, moyoni nikisema, ngoja, utaniona.

Na hayo mambo ya wati, wallahi hayakuniingia kabisa. Nakaa Walukuba, kwenye safu ya vyumba sita vyenye mita moja ya Yaka, ile ya kulipia kabla. Sisi hatulipi kwa matumizi, maana nani atampima nani? Tunalipa kwa vitu. Kila tarehe moja mama mmoja anayeitwa Namwase, ambaye ndiye mkubwa wa safu, hupita mlango kwa mlango. Balbu ina bei yake, pasi ina bei yake, na friji ndilo ghali kuliko vyote. Kompyuta hulipa kama televisheni. Sheria hiyo ilitungwa siku nilipoleta laptop yangu, na mimi ndiye niliyebishana mpaka ikapita. Kwa hiyo mtu akinitajia wati, namwona anataja ugonjwa wa watu wenye mita zao.

Mwanzo wa Januari nikaenda Mbale. Nilikuwa nimesikia kwamba mtaa wa Nabuyonga kuna jamaa anaitwa Wanyera anayeuza vifaa vya shirika lililofunga mradi wake. Duka lenyewe chumba kimoja, mbele anachaji simu na kuuza kadi, nyuma amepanga mashine mpaka darini. Alikuwa mkweli, siwezi kumsingizia. Akanionyesha kompyuta ndogo ya ofisi, nyeusi, unaweza kuibeba kwapani. Ina kori nne, memori giga nane, na nafasi ya kuongeza. Ukijumlisha memori ya kuongeza na SSD, ingefika bei fulani.

"Na kwa bei hiyo hiyo," akasema, "kuna ile."

Ile ilikuwa chini, imefunikwa gunia. Seva yenyewe, ya kuingia kwenye kabati la chuma, ndefu kama meza ya kupigia pasi. Prosesa mbili, kori kumi na sita, memori giga sitini na nne, diski sita mbele zenye vishikio vyake. Nikaifungua kifuniko mwenyewe. Vijiti vya memori vimejipanga kama meno. Nikamwona Praful akiniona, nikamwona Hiren akiniona.

"Bosi, nikuambie kitu," Wanyera alisema. "Hii ilikaa kwenye chumba cha baridi. Si ya nyumbani. Wengi wananiuliza, nawaambia wachukue ile ndogo."

"Mimi si wengi."

"Umeme wako ni wa namna gani?"

"Umeme ninao," nikamjibu, na sauti yangu ilikuwa ya mtu anayetaka kunyamaziwa. Akiba yangu yote ya miaka mitatu nikaiacha kwenye meza yake. Joash, dereva wa trela kutoka kwetu aliyekuwa akishuka na shehena, akaipakia kwenye kabini akaniletea hadi kituo cha mafuta cha Jinja, na boda ikaimalizia.

Siku nilipoiwasha mara ya kwanza feni zake zilinguruma kama kinu cha posho. Zikapungua baadaye, lakini hazikunyamaza. Niliiweka juu ya matofali, ukuta wa upande wa Twaibah, kwa sababu soketi ilikuwa huko.

Twaibah ndiye jirani yangu wa karibu. Mume alimwacha, hana mtoto, na anaishi kwa friji lake. Anakamua matunda, anatengeneza juisi, anagandisha barafu kwenye vijifuko, na watoto wa shule humaliza zote kabla ya saa kumi. Kiswahili chake kizuri, cha madrasa, ndiyo maana tulielewana tangu siku ya kwanza, maana wengine hapa ukiwasemesha Kiswahili wanakutazama kama umevaa sare ya jeshi, kwao ni lugha ya askari. Jioni nikisoma alikuwa ananiletea chai ya tangawizi na kuniuliza nimefika sura ya ngapi.

"Hiyo sauti ni nini, mwenzangu?" aliniuliza wiki ile ya kwanza.

"Feni ya kompyuta."

"Haya. Ikusaidie."

Na ilinisaidia, nisiseme uongo. Kwa mara ya kwanza niliwasha mashine sita kwa pamoja na zote zikapumua. Nikaunda mtandao wao, nikazivunja, nikazirudisha. Kilichonishinda ni kuizima. Ukiizima, kuiwasha tena inachukua karibu robo saa kujikagua, na wakati mwingine inakataa diski moja ukaanza upya. Mimi natoka kazini saa kumi na moja nimechoka, niipoteze hiyo robo saa? Nikawa naiacha inawaka, usiku na mchana, hata nikiwa kazini na mlango nimefunga kwa kufuli.

Februari yuniti ambazo siku zote hutufikisha mwisho wa mwezi ziliisha tarehe kumi na saba. Giza safu nzima, mpaka tulipochanga za ziada. Kesho yake Ramadhani ikaanza.

Jumapili mchana Namwase akatuita uani. Mama huyu alifanya kazi kiwanda cha nguo zamani, mpaka leo anasimama kama anakagua zamu. Akauliza, "Nani ameleta kitu mpya? Aseme."

Watu wakatazamana. Nikajitazama ndani nikaona kwamba niliyo nayo ni kompyuta, na kompyuta ninailipia, na kila mtu anajua nina kompyuta. Nikasema hivyo hivyo, kwa sauti, bila kuulizwa mara ya pili, "Mimi nina kompyuta yangu, mnaijua, na nalipa." Kila neno la kweli. Sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo.

"Ya nyabo tunajua," Namwase akasema, yaani ya bibi huyu, akinielekezea kidole. "Hiyo ni kama televisheni. Mimi naona ni friji. Sasa ni mfungo, watu wanakuja kununua baridi, anafungua, anafunga. Twaibah, friji yako inakula sana. Zima kwanza tuone."

Twaibah alikuwa amesimama mlangoni kwake na mtandio kichwani. Nilidhani atapigana. Ramadhani ndiyo msimu wake, watu wanaofuturu hununua juisi baridi kuliko watoto wa shule wa miezi miwili. Alisema tu, "Sawa, nitazima," akaingia ndani.

Usiku ule sikuwasha taa. Nilikaa kwenye kitanda nikiangalia vitaa vya kijani vya seva na nikajiambia, wiki mbili na siku kadhaa tu. Mtihani ni tarehe kumi na mbili Machi. Nikipita nitamnunulia Twaibah friji jipya, kubwa, nitamlipia mwaka mzima. Mtu akitaka kutenda baya hujiandalia kwanza wema wa baadaye. Mimi nilijiandalia mwingi.

Tukachanga tena. Yuniti zikakimbia vile vile. Namwase akaandika namba za mita asubuhi na jioni kwenye ubao wa mlango wake kwa chaki, na namba zilishuka mchana wakati wengi wetu tuko makazini. Nani hubaki nyumbani mchana? Twaibah. Basi ikawa si mlaji tena, ni mwizi. Anawasha friji kwa siri tukiondoka. Siku ya kwanza ya Machi fundi umeme aliitwa, akang'oa soketi chumbani kwa Twaibah, akaacha waya mbili zimefungwa plasta nyeusi. Mwanamke mmoja akamwambia, tena mbele ya watu, kwamba mfungo wa mwizi Mungu haupokei. Nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika ndoo ya maji na sikuiweka chini.

Siku mbili baadaye Twaibah alihamia Mafubira kwa dada yake. Nilimsaidia kubeba godoro. Friji alikuwa ameshaliuza.

Hapo ndipo akili ilinirudi, na ilirudi kwa njia mbaya. Nilipanga kuendelea mpaka tarehe kumi na mbili. Lakini nilipoingia chumbani jioni ile na kusikia zile feni, nikaelewa kwamba sasa hayupo mtu wa kubeba lawama. Yuniti zikikimbia tena, wataanza kupita mlango kwa mlango. Nikaizima. Si kwa huruma, msinipambe. Kwa woga. Siku tisa kabla ya mtihani, na sura niliyokuwa sijaifanyia mazoezi ni ile ya mwisho, ya kuhamisha mashine bila kuizima. Nikaisoma kwenye laptop, nikaisoma kwenye karatasi, nikaisema kwa mdomo nikipika.

Na yuniti zikatulia. Namba za ubaoni zikawa zinashuka polepole kama zamani. Namwase alizipigia mstari kwa chaki, akawaita watu waje waone. "Mmeona?" alisema. "Alikuwa ni yeye." Kila mtu akatikisa kichwa, na mimi nikatikisa.

Mtihani ulifanyiwa Mbale, chuoni, chumba chenye mapazia na baridi. Nilianza vizuri. Mashine tano za kwanza nilizisimamisha nikiwa na muda wa ziada, mikono inakwenda yenyewe. Ilipofika ya kuhamisha, nikakwama. Nilijua maneno yote. Mkono haukujua pa kwenda. Nikabonyeza, ikakataa, nikabonyeza kwingine, mashine ikazimika, na pamoja nayo zikazimika mbili zilizoitegemea. Nilitumia dakika hamsini zilizobaki kujaribu kuzifufua. Msimamizi alipita nyuma yangu mara mbili.

Matokeo hutoka hapo hapo kwenye kioo. Alama ya kupita ni sabini. Nilipata sitini na moja.

Hiren alinifariji kwa maneno mazuri. Aliniuliza nilinunua kompyuta gani, nikamwambia ndogo, kama ulivyosema. Praful alimleta kijana kutoka Kampala, mwenye cheti na tai, na mimi nikapewa barua ya kukabidhi stoo mwisho wa Aprili. Niliipokea kwa mikono miwili, nikasema asante. Miaka kumi na moja ile, na nikasema asante.

Siku ya Idd nilikwenda Mafubira. Sikutaka mtu aniambie niende, na sikutaka mtu anizuie. Nilinunua kilo mbili za mchele na sukari, na njia nzima nikawa napanga maneno: nimekuja kuomba msamaha, ilikuwa mimi. Nilimkuta Twaibah nyuma ya nyumba akiosha masufuria ya wageni, amekonda shingo. Akafuta mikono, akanikumbatia, akanikalisha kwenye kigoda.

"Twaibah," nikaanza, "ule umeme."

"Najua," akasema.

"Hujui."

"Mwenzangu, najua tangu wiki ya kwanza ya mfungo. Waliponiambia nizime, nilizima kweli. Nikaenda nikaitazama mita mchana, mko makazini. Namba zinakimbia. Nikarudi nikaweka sikio kwenye ukuta wako, na ukuta ulikuwa wa moto kama mtu mwenye homa." Alisema bila hasira yoyote, akikausha sufuria. "Nikikutaja wangekuzimia siku hiyo hiyo, na wewe ulikuwa na mtihani. Nikasema, juisi yangu nitauza hata mwaka ujao. Kazi ya mwenzangu ikiondoka, hairudi."

Nilitaka ardhi inimeze. Kama angenipiga na hilo sufuria ningeshukuru.

"Wallahi sikujua kama wataning'olea soketi," akaendelea. "Hilo liliniuma. Na lile neno la mfungo liliniuma zaidi. Lakini limepita." Akaweka sufuria chini, akanitazama usoni, na macho yake yalikuwa yameng'aa. "Basi niambie. Ulipita?"

Dada yake alikuwa mlangoni na sinia la pilau mkononi, naye anasubiri jibu. Kumbe alishahadithiwa. Kumbe nyumba nzima ilikuwa inajua kuna mtu wao anafanya mtihani.

"Nilipita," nikasema.

Twaibah akafunika mdomo kwa mikono yote miwili. Machozi yakamtoka, yake, siyo yangu. Akamwambia dada yake, si nilikwambia, si nilikwambia huyu mwanamke ana kichwa. Nikapakuliwa pilau na nyama ya juu kabisa. Nikala. Ilinibidi nile yote, maana kila nikisimamisha mkono walikuwa wananiongezea.

Aliponisindikiza mpaka barabarani alinishika mkono. "Nina ombi moja tu, Akeyo. Sasa umeshapita, hakuna tena cha kukuharibia. Ukipata nafasi, mwambie Namwase na wale wengine kwamba sikuiba. Soketi sitaki. Wajue tu."

"Nitawaambia Jumapili," nikamwambia.

Jumapili hiyo nilimkuta Namwase uani akianika mihogo, tukasalimiana. Kumwambia kwamba Twaibah hakuiba ni kumwambia nani aliiba. Na akishajua, ataniuliza lile swali ambalo kila mtu angeuliza: na je, ulipata hiyo kazi? Nikamsaidia kugeuza mihogo, nikarudi chumbani kwangu.

Sasa ni Jumapili ya nne. Jana Twaibah amenipigia simu kuniuliza walisemaje.